Katikati Pamekufa, Pembeni Panachipua

Kichaka changu cha kwanza cha maua ya asta nilikipokea ndani ya ndoo iliyopasuka ukingo. Bibi aliyeishi ng'ambo ya uzio alikuwa anaipunguza bustani yake kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na asubuhi moja, baridi ikiwa imeanza kuaga, akanipitishia ndoo ile juu ya uzio. Ndani mlikuwa na fungu la mizizi iliyosokotana na udongo mweusi, na juu yake machipukizi yenye ncha nyekundu-kahawia, hayajafika hata urefu wa kidole gumba. Hapakuwa na cha kutamanisha macho. "Haya huchanua wenzake wakishakwisha," aliniambia. "Ila kila mwaka wa tatu yang'oe, uyagawe. Usiyaonee huruma, mwanangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Niliitikia, nikapanda. Mwaka ule ule, Septemba ikielekea ukingoni na bustani nzima imeshachoka, kichaka kile kilifunguka. Urujuani mtupu, na kila ua lina jicho la manjano. Mwaka wa pili mashina yalinifika kifuani, na mchana wa jua niliweza kusikia nyuki kabla sijayaona maua. Sasa niambie: nani atachukua uma wa bustani autie katikati ya kitu kama hicho? Mwaka wa tatu nikasema, mwakani. Mwaka wa nne nikasema vivyo hivyo.

Mwaka wa tano, nilipoyaondoa majani makavu baada ya baridi, nilikuta duara. Machipukizi yalikuwa yamejipanga pembezoni kama kata ya kubebea ndoo kichwani, na katikati patupu. Nilipopagusa, vigutu vilivunjika mkononi, vikavu kama kuni za juzi na jana. Maua ya mwaka ule yalikuwa madogo na machache, mashina yalilala chini kwa upepo mdogo tu, na majani kutoka chini hadi nusu ya shina yalikuwa yamepakwa unga mweupe wa ubwiri, ugonjwa wa ukungu.

Naandika haya kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi mwaka wa tatu: ana asta inayompendeza, uma uko mkononi, moyo unasita.

Asta nyingi za kudumu hazikai mahali pamoja. Shina lililobeba maua mwaka huu halitabeba tena. Baridi ikiingia hufa lote hadi usawa wa udongo. Lakini kabla halijafa, mmea huwa umeshatuma vishina chini kwa chini, na kila kimoja huinua kichwa sentimita chache kutoka aliposimama mama yake. Mwaka unaofuata vile vipya navyo hutuma vya kwao, na huvituma nje, kwa kuwa nje ndiko kwenye udongo ambao haujanyonywa, na mwanga, na nafasi. Kwa hiyo kichaka cha asta hutembea. Hutembea polepole, kwa pande zote kwa wakati mmoja, na pale kilipoanzia hubaki mizizi mizee isiyo na kazi. Usipokigusa, hujakilinda. Umekiacha kijinyang'anye chakula chenyewe kwa chenyewe.

Kugawa kunafanyika hivi. Ngoja machipukizi yafike kati ya sentimita 5 na 10, udongo uwe umeanza kupata joto. Chimba kukizunguka kichaka, ukiacha kama kiganja kimoja kutoka ukingo wake, kisha kiinue kizima ukiweke juu ya gunia au turubai. Kitikise. Ukiwa na uma mbili za bustani, zichomeke katikati zikiwa zimepeana mgongo, halafu vuta mipini uiachanishe, mizizi itapasuka. Nakuonya kuhusu sauti yake, maana mara ya kwanza nilisimama nikidhani nimeharibu. Ni sauti ya kitambaa kizito kinachochanwa. Endelea. Kichaka cha miaka mingi kinaweza kugoma kabisa, na hapo kisu cha zamani chenye meno, au hata msumeno, hufanya kazi vizuri kuliko nguvu za mikono.

Ukishakipasua, usichukue katikati. Huu ndio moyo wa jambo lote. Chukua pembezoni: vipande vyenye machipukizi matatu hadi matano na mizizi myeupe, iliyo hai, ya mwaka jana. Katika aina zinazotambaa sana, hata chipukizi moja lenye mizizi yake linatosha; likipandwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua litakuwa mmea wenye maua kabla mwaka haujaisha. Yale ya katikati, magumu kama mti, nenda kayatupe kwenye lundo la mboji. Pale palipokuwa na kichaka, changanya ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha rudisha vipande vyako, umbali wa sentimita 40 hivi baina yao, kina kile kile vilichokuwa nacho. Mwagilia hadi udongo ushikane na mizizi. Kisha uondoke, uviache, kwa kuwa wiki mbili za kwanza vitaonekana vinyonge na hakuna utakaloweza kufanya ila kuhakikisha havikauki.

Mara ngapi? Inategemea ni asta gani, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu neno moja linabeba ukoo mzima.

Asta ni Kigiriki, maana yake nyota, na ukilitazama ua kutoka juu huhitaji kuelezwa zaidi. Liko katika familia moja na alizeti, pareto na krisanthemu. Kwa muda mrefu kila ua la umbo hilo, liwe la Ulaya, Asia au Amerika ya Kaskazini, lilitupwa ndani ya jenasi moja ya Aster. Mwaka 1994 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Guy Nesom, aliichambua jenasi ile na kuonyesha kwamba zile za Amerika ni koo nyingine kabisa. Nyingi sasa zinaitwa Symphyotrichum, jina linaloutesa ulimi na linalofanya vibao vya vitalu viwe virefu kupita mche wenyewe. Wapanda bustani walilalamika, nami nilikuwa mmoja wao, lakini sasa naona faida yake. Ukiona Symphyotrichum kwenye kibao, jua una mmea wa Amerika, mara nyingi mwenye kiu na njaa. Ukiona Aster tupu, una mmea wa Ulaya au Asia, na wengi wao wanataka udongo usiotuamisha maji na jua lisilozuiwa. Jina linakwambia pa kupanda.

Zinazopandwa zaidi ni mbili za Amerika. Ya kwanza, novae-angliae, ni ya New England, nayo ndiyo iliyokuwa ndani ya ndoo yangu. Ni ndefu, hufika hata mita moja na nusu, majani yake yana vinywele na ukiyasugua mkononi hutoa harufu nzito kidogo, kama ya utomvu. Ya pili, novi-belgii, jina lake lilinishangaza hadi nilipoelewa: Novum Belgium ni Kilatini cha koloni la Waholanzi ambalo baadaye likawa New York. Hii ina majani laini yanayong'aa, maua mengi zaidi, rangi nyingi zaidi, na matatizo mengi zaidi. Waingereza huziita zote mbili kwa jina la sikukuu ya Malaika Mikaeli, ambayo ni tarehe 29 Septemba, kwa kuwa siku hiyo huwa zimechanua.

Novi-belgii ilipendwa mno Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu aliyeipenda kuliko wote ni Ernest Ballard, wa kijiji cha Colwall chini ya vilima vya Malvern. Alianzisha kitalu chake mwaka 1906 akaipandisha aina kwa aina, akitafuta maua makubwa zaidi, yaliyojaa zaidi, yenye wekundu ambao asili haikuwa nao. Alifanikiwa. Kitalu kipo hadi leo, na mkusanyiko wake una mamia ya aina. Lakini katika kufuata ukubwa na rangi, mimea mingi ya wakati ule ilikuja kuwa chakula cha ubwiri, na baadhi ya watu wakaikatia tamaa novi-belgii yote. Mimi sijaikatia tamaa. Nasema tu usiianzie hiyo. Hii ndiyo inayotaka kugawiwa kila mwaka wa pili au wa tatu bila kukosa. Novae-angliae huvumilia hadi wa nne.

Kwa anayeanza, ningempa kipande cha novae-angliae bila kufikiri mara mbili. 'Andenken an Alma Pötschke' ina waridi kali kiasi kwamba macho huiona kutoka mwisho wa bustani kabla hayajaona kitu kingine. 'Purple Dome' ni fupi, haifiki hata kiunoni, nayo haihitaji mti wa kuegemea. Ukitaka ua moja la kukaa nalo maisha yako yote, tafuta 'Mönch'. Carl Frikart, mwenye kitalu nchini Uswisi, aliichanganya asta ya Ulaya, amellus, na nyingine ya milima ya Himalaya, na watoto watatu waliotoka akawapa majina ya vilele vitatu vya Alpi vilivyosimama pamoja: Eiger, Mönch na Jungfrau. 'Mönch' huanza kuchanua katikati ya kiangazi ikaendelea hadi Oktoba, rangi ya urujuani mpole, na sijawahi kuona ubwiri juu yake. Hii na mzazi wake amellus usizigawe ovyo, na kamwe usiziguse baridi ikikaribia; zikijeruhiwa mizizi halafu zikakaa kwenye udongo baridi wenye maji, zitaoza. Ngoja majira ya kuchipua.

Na kwa mwenye kivuli ipo Eurybia divaricata, yenye mashina membamba meusi na maua madogo meupe, ambayo huanguka vizuri juu ya majani mapana ya mimea mingine. Nyingi ya zilizobaki zinataka jua la nusu siku angalau.

Rudi kwenye ubwiri, maana swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Watu huuliza dawa gani. Mimi nauliza, mizizi imepata maji? Ubwiri unga huupenda mmea uliobanana majani na wenye kiu chini, hata kama hewa ina unyevu. Yaani kinyume cha tunavyodhani: tunaona ukungu tunafikiri maji yamezidi, tunapunguza, na mambo yanaharibika. Fanya mambo mawili. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kichaka kikiwa na machipukizi thelathini, kata mengi uache yale manene saba au manane, hewa ipite. Halafu weka matandazo mazito ya mboji juu ya udongo uliolowa, na kiangazi kikiwa kikavu mwagilia chini, kwenye mizizi, maji mengi mara moja kwa wiki kuliko kidogo kila jioni. Tangu nianze hivyo, nimetoa chupa ya dawa nje ya banda langu. Upo ugonjwa mwingine mbaya zaidi, wa utitiri usioonekana kwa macho, unaogeuza maua ya novi-belgii kuwa vifundo vidogo vya majani ya kijani. Huo sina maneno ya kuupamba. Ng'oa mmea wote, usiutie kwenye mboji, panda aina nyingine mahali pale.

Novae-angliae haipati ubwiri sana, ila ina aibu yake: majani ya chini hukauka na kudondoka kabla maua hayajafunguka, miguu ikabaki wazi. Usipigane nayo. Panda mbele yake kitu kinachofika magotini.

Mwanzoni mwa kiangazi inakuja kazi nyingine ngumu kwa mwenye moyo mwepesi. Mashina yakiwa yamefika magotini, mazuri, yamenyooka, chukua mkasi uyakate theluthi moja ya juu. Waingereza huuita mkato huu kwa jina la Chelsea, kwa kuwa siku zake hukaribiana na maonyesho ya maua ya Chelsea, London, mwishoni mwa Mei. Kila shina ulilolikata litatoa matawi mawili, matatu, manne; mmea utakuwa mfupi, mnene, hautahitaji kufungwa, na utachanua baadaye kidogo kuliko ambao haukukatwa. Mimi hukata mashina ya mbele tu nikayaacha ya nyuma, hivyo kichaka kimoja kinachanua kama ngazi: nyuma kwanza, mbele baadaye. Baada ya Julai kuanza weka mkasi chini, la sivyo utakata maua yenyewe. Ninazungumza miezi ya kaskazini mwa dunia. Aliye kusini aongeze sita.

Nilikuwa nikidhani baridi ndiyo inayoziamsha. Sivyo. Asta hizi za majira ya kupukutika majani huhesabu usiku. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, mmea huacha kurefusha shina ukaanza kufunga vichwa vya maua. Ndiyo maana wakulima wa maua ya kukatwa walio karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana sawa karibu mwaka mzima, huziwashia taa usiku ili mashina yarefuke, kisha huzizima wanapotaka maua. Nyumbani kwangu niliwahi kupanda kipande kimoja karibu na dirisha ambalo taa yake huwaka hadi usiku wa manane. Kilikuwa mtoto wa kichaka kile kile, udongo ule ule. Wenzake walipokuwa wamefunguka wote, upande wake unaotazama dirisha bado ulikuwa na vichwa vya kijani vilivyofungwa. Nilikihamisha.

Halafu siku inafika. Kwa kawaida ni asubuhi baada ya usiku wa baridi, umande mzito, na jua linachelewa kuvuka uzio. Novae-angliae hufunga maua yake usiku na siku za mawingu, hivyo ukitoka mapema utaona kichaka kinachoonekana kimesinyaa. Ngoja hadi saa tatu asubuhi. (Kwa sababu hiyo hiyo usiikate kuiweka ndani, itajifunga kwenye chombo na kukuvunja moyo. Kwa chombo, kata novi-belgii.) Jua likiigusa, hufunguka kichwa baada ya kichwa, na wageni wanafika.

Kaa chini ulitazame ua moja. Hilo unaloliita ua ni mkusanyiko. Kila kinachoonekana kama petali ya urujuani ni kijiua kamili cha kike, na jicho la manjano katikati ni makumi ya vijiua vidogo vyenye umbo la tarumbeta, kila kimoja na chavua yake na mbochi wake. Vijiua hivyo havifunguki pamoja. Hufunguka duara kwa duara, kuanzia pembezoni kuelekea katikati, siku baada ya siku. Mimi nilipoligundua hilo nikiwa nimepiga magoti pale pale nilipowahi kuchimba kata yangu ya mashina makavu, nilikaa muda mrefu bila kuinuka. Vilivyokwisha kuchavushwa hubadilika rangi, manjano ikawa nyekundu ya damu ya mzee, na nyuki wanazisoma rangi hizo: huelekea kwenye manjano, hawapotezi muda kwenye nyekundu. Ukiona kichaka chenye macho mengi mekundu, jua kazi imefanyika.

Na wakati huo wa mwaka kazi hiyo si ndogo. Wale nyuki wanene wenye manyoya, kundi lao lote hufa baridi ikiingia, isipokuwa malkia wachanga. Malkia hao wanapaswa kujaza mafuta mwilini kabla hawajajichimbia ardhini kulala hadi mwaka mwingine, na wanayatafuta siku ambazo maua mengi yamekwisha. Nimewakuta asubuhi wamelala juu ya asta, miguu imeshikilia vijiua, umande mgongoni, wakingoja jua liwape nguvu ya kuruka. Huko Amerika, vipepeo wa monaki wanaosafiri maelfu ya kilomita kutoka Kanada hadi milima ya Meksiko hunywa mbochi wa asta za mwituni njiani. Uhusiano huu ni wa zamani. Mshairi wa Kirumi Virgil, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alipoeleza tiba ya nyuki wagonjwa alilitaja ua liitwalo amellus, lenye moyo wa dhahabu na petali za zambarau, akashauri mizizi yake ichemshwe kwa divai yenye harufu nzuri na kuwekwa milangoni mwa mizinga. Asta ya Ulaya bado inabeba jina hilo. Sitamchemshia nyuki divai, lakini namwelewa aliyetazama ua hilo likizingirwa na nyuki akahisi lina dawa ndani yake.

Maua yakiisha, nakata vichwa vya novi-belgii na novae-angliae kabla mbegu hazijapata manyoya yake na kuruka. Sababu si unadhifu. Mbegu ya aina yenye jina haizai aina ile. Huzaa mtoto mwenye nguvu kuliko mama na mara nyingi asiye na rangi yake, na anaota katikati ya kichaka cha mama yake hadi anammeza. Watu hulalamika kwamba asta yao ya waridi "imegeuka" kuwa urujuani. Haikugeuka. Ilikufa, na mtoto akakalia kiti. Anayependa kujaribu mbegu azipe baridi yenye unyevu wiki kadhaa kabla ya kuzipeleka kwenye joto, na akubali chochote kitakachokuja.

Mashina yenyewe nayaacha yasimame wakati wote wa baridi, isipokuwa yaliyoshikwa na ubwiri. Wadudu wadogo hujificha ndani na chini yake, na jalidi ikiyapaka asubuhi yana uzuri wake. Mashina hayo nayakata pale machipukizi mapya yanapoonekana.

Mwaka ule wa tano niligawa kwa mara ya kwanza. Nilifanya vibaya, nilichagua vipande vikubwa vya katikati kwa sababu vilionekana vyenye heshima, na vingi havikufika kiangazi. Vilivyopona ni vile vidogo vitatu vya pembeni nilivyovichomeka karibu na bomba kwa kukosa pa kuviweka. Kutokana na hivyo vitatu ndiyo nina asta zote za novae-angliae nilizo nazo leo. Bibi alishahama kwenda kukaa kwa mwanawe, kwenye nyumba isiyo na bustani ila na kibaraza kimoja chenye jua, na mwaka uliofuata nilimpelekea kipande ndani ya chungu kipana. Alikishika, akakigeuza, akatazama mizizi kabla ya majani. "Umechukua pembeni," alisema. Halafu akanituma nikamletee maji.

Jumamosi iliyopita nimegawa tena, mara ya tatu. Kichaka kimoja kimetoa vipande kumi na kimoja. Saba nimevirudisha ardhini, vitatu vimepata watu. Kimoja kimebaki kimefungwa kwenye gazeti lililolowa nyuma ya mlango, kina machipukizi manne, na nimeanza kukitazama kile kipande cha ardhi kando ya banda ambapo sijawahi kupanda chochote.